Swali Lililomrudisha Bibi Kwao

Kitabu chenyewe kilikuwa daftari la maziwa. Mwenzangu wa kazini, anayefundisha uchomeleaji katika chuo chetu hapa Malindi, alikiweka juu ya meza yangu asubuhi moja kabla ya chai, akakifungua polepole kama mtu anayefungua bahasha ya matokeo.

Baba yake mdogo alifanya kazi ya kupokea maziwa kule Mariakani kwa miaka mingi, na alipostaafu alibaki na daftari moja ambalo halijatumika. Zile safu zilizochapwa kwa ajili ya majina ya wafugaji na lita za asubuhi na jioni, yeye alizijaza ukoo wake: jina la mtu, baba, mama, mahali alipozaliwa. Kurasa na kurasa, kwa kalamu ya buluu, mwandiko wa mtu asiyekuwa na haraka.

"Mwalimu," mwenzangu akaniambia, "Desemba ukoo wetu wote unakutana. Wazee wanataka mchoro mkubwa wa kutundika, kila mtu ajione alipo. Kompyuta yako inaweza?"

"Inaweza," nikasema, kabla hata ya kusoma ukurasa wa kwanza.

Mimi nafundisha kompyuta. Wanafunzi wangu huja kujifunza kuandika barua na kujumlisha alama, wakishaweza wanaondoka. Ile kazi niliyoisomea hasa, ya kutengeneza hifadhidata na kuiuliza maswali, sikuwa nimeigusa tangu nimalize masomo. Niliposhika daftari lile vidole viliniwasha.

Nilianza mchana uleule. Hifadhidata haina uchawi, ni majedwali tu. Jedwali la kwanza nikaliita watu, kila mtu na mstari wake. La pili nikaliita uzazi: upande huu mzazi, upande huu mtoto. Ukitaka kumjua babu wa mtu, unaiambia kompyuta imtafute mzazi wake, kisha mzazi wa huyo mzazi. Ukitaka kupanda mpaka mwanzo wa ukoo, unaiambia irudie hatua hiyohiyo mpaka ikose wa kumpandia.

Nilifanya kosa moja, nalo ni la kitoto. Niliwaunganisha watu kwa majina yao.

Siku ya kujaribu nikamwita mwenzangu aje aone. Nikaandika swali la kupanda, nikaanzia kwake, nikabonyeza. Kompyuta ikapanda. Vizazi vitano, kumi, ishirini. Feni ikaanza kunguruma. Vizazi mia! Nikapiga makofi, nikadhani sasa hivi tutabisha hodi kwa Nabii Nuhu. Mwenzangu akainamia kioo, akasoma, kisha akaangua kicheko mpaka akashika ukingo wa meza.

"Mwalimu, umemfanya babu yangu kuwa mwana wa mjukuu wake!"

Nikatazama. Kweli. Majina mawili tu yalikuwa yakipokezana kutoka juu hadi chini.

"Kwetu," akanieleza akijifuta machozi, "mwana wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba. Naye akizaa, mwanawe anarithi jina la babu vilevile. Kwa hiyo majina yanapishana kama miguu ya mtu anayetembea. Kompyuta yako imeona kulia, kushoto, kulia, kushoto, ikadhani ni watu wawili wanazaana wao kwa wao."

"Na wasichana?"

"Wa kwanza, nyanya mzaa baba. Wa pili, nyanya mzaa mama. Mama akikosa kitu kingine chochote, hicho atakidai."

Nikafuta kazi yote nikaanza upya, safari hii nikimpa kila mtu namba yake. Namba hairithiwi. Mwenzangu akawa namba 1, kwa kuwa yeye ndiye aliyeleta daftari, na kwa wiki mbili akawa akinipita koridoni akisema, "Namba moja anakusalimu." Swali la kupanda likapanda hatua tisa likasimama kwa heshima zake.

Hapo sikuweza tena kujizuia. Nikaamua kuwaingiza na watu wangu mwenyewe, katika majedwali yaleyale, nione kama maswali yangu yatafanya kazi kwa ukoo wowote.

Watu wangu wanajulikana na mtu mmoja, naye ni bibi, mama wa mama yangu. Nilimkuta barazani, sinia la mchele mapajani, nikakaa chini na kompyuta. Alinitajia upande wa marehemu babu bila kukwama: waliotoka visiwani, waliooa huku, waliokufa wadogo, walioachika na walikoolewa tena. Nilikuwa siwezi kumfuata kwa kasi.

"Taratibu, bibi!"

"Andika, mke mwenza. Kama vidole vimechoka sema."

Tulipofika kwake akasema, "Na mimi niandike." Nikamuuliza wazazi. Akapepeta mchele mara mbili.

"Aliyenilea unajua habari zake. Aliyenizaa namjua jina tu."

Habari hizo kila mtu nyumbani alizijua, ila hazikuwa ndefu. Mwaka mmoja wa ukame, mama mmoja wa mjini aliyekuwa akienda bara kununua nafaka alirudi Malindi na mtoto wa kike mdogo. Mtoto huyo ndiye bibi. Yule mama hakuwa na kizazi, akamlea, akampa jina jipya, akamsomesha Kurani, akamwoza kwa harusi ambayo bibi mpaka leo huitaja vyakula vyake. Bibi hakukumbuka mahali alikotoka wala lugha ya kwao. Alikumbuka jina la mama yake, basi, na alipojifungua binti wa pili akamwambia babu kwamba mtoto huyu ataitwa hivyo. Babu akauliza jina gani hili la bara. Bibi akajibu, "Hili, au mtoto akae bila jina."

Binti huyo wa pili ni mama yangu.

Nikamwandika bibi, nikampa namba 212. Safu za wazazi wake nikaziacha tupu; jina tu la mama, bila mtu, sikuweza kulipa namba.

Wiki ile nilikuwa naandaa mambo ya mchoraji atakayeuchora ule mchoro wa Desemba, na nikauliza maswali mawili mepesi. La kwanza: ni nani hawana wazazi humu ndani? Mchoraji lazima ajue aanzie wapi. La pili: ni nani waliokomea hewani, hawana mume wala mke wala mtoto wala habari ya kifo? Orodha zikaja mbili, nikaziweka bega kwa bega. Katika orodha ya kwanza alikuwamo bibi. Wenzake wote mle walikuwa mababu wa zamani za kale, yeye peke yake yu hai na anapepeta mchele.

Sijui kwa nini maneno ya mwenzangu yalinijia dakika ile. Wa pili, nyanya mzaa mama. Nikayatazama tena majina ya orodha zote mbili. Bibi alimpa mama yangu jina lile kwa sababu ndilo pekee alilobaki nalo, nilikuwa nadhani hivyo miaka yote. Kumbe huenda alikuwa akifuata sheria ya kwao, kama ya akina mwenzangu, bila kujua kuwa ni sheria. Na sheria inaweza kuandikwa swali.

Nikaandika. Kwa lugha ya binadamu swali lilisema hivi: nitafutie mwanamke asiye na wazazi, ambaye binti yake wa pili anaitwa sawasawa na mama wa mwanamke mwingine, yule mwingine awe ni mmoja wa waliokomea hewani. Nilikosea mabano mara mbili. Mara ya tatu nikabonyeza.

Mstari mmoja ukatokea. 212 na 37.

Nilitoka mbio. Karakana ya uchomeleaji iko ng'ambo ya uwanja, na nilivuka na viatu mkononi kwa sababu vilikuwa vinanichelewesha. Mwenzangu alikuwa amevaa ile barakoa nyeusi, cheche zinaruka, wanafunzi wamemzunguka.

"Thelathini na saba ni nani?" nikampigia kelele.

Akainua barakoa. "Nani?"

"Namba thelathini na saba! Kwenye daftari lenu!"

Tulirudi pamoja, yeye bado na glavu. Akalitazama lile jina la mama kwenye kioo, akatikisa kichwa. Hakutaka nijidanganye. "Jina hili, mwalimu, ukiliita sokoni Kilifi watageuka akina mama kumi. Hilo peke yake halitoshi."

"Basi tusome daftari lenyewe."

Nilikuwa nimeingiza zile safu tu: jina, baba, mama, mahali. Pembeni mwa kurasa mzee alikuwa ameandika vijineno vingine, lakini mimi sikuwa nimevitengea safu, kwa hiyo nilivipita. Tukatafuta ukurasa. Thelathini na saba alikuwa mtoto wa pili wa babu yake mwenzangu, dada wa marehemu baba yake. Ukingoni, kwa herufi ndogo zilizobanana, palikuwa na maandishi haya: *Alichukuliwa na mama wa mjini Malindi. Mpaka mvua.*

Mwenzangu akavua glavu moja, kisha ya pili, akaziweka mezani.

"Huyu ni shangazi yangu," akasema taratibu. "Mwalimu. Nyanya yako ni shangazi yangu."

Jioni nilimweleza mama. Alisikiliza amesimama, mwiko mkononi, na machozi yakamtoka kabla sijamaliza, lakini akanikataza kumwambia bibi mpaka tuwe na hakika. "Mtu mzima yule. Usimpe kitu halafu ukamnyang'anya." Kwa hiyo tulimpigia simu kwanza mzee wa daftari, mimi na mama na mwenzangu tumeinamia simu moja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Nilimweleza. Kisha akasema, "Mimi nilizaliwa yeye keshaondoka. Niliandika nilivyoambiwa na mama. Mvua iliponyesha baba alikwenda Malindi kumtafuta, akakosa mtu wa kumwelekeza, akarudi. Akaenda tena, akakosa. Lakini dada yetu mkubwa yuko hai, yuko Dabaso kwa bintiye. Yeye alimwona kwa macho yake. Mpelekeni kwake. Kama ni yeye, atamjua."

Sasa ikawa hapana budi. Bibi nilimwambia mimi, pale barazani, baada ya sala ya alasiri. Nilianza na daftari, nikaja kwenye namba, nikamweleza lile swali kwa urefu kuliko lilivyohitaji, kwa woga. Alisikiliza huku akichagua mawe kwenye mchele. Nilipofika kwenye yale maneno ya ukingoni mkono wake ukasimama.

"Mpaka mvua," akasema.

"Ndivyo ilivyoandikwa, bibi."

"Kwa hiyo hawakunitoa."

"Hawakukutoa. Baba yako alikuja mara mbili."

Akaweka sinia chini, akasimama bila kushika ukuta, jambo ambalo halifanyi siku hizi. "Nipe buibui langu."

"Bibi, tumepanga Jumamosi, mwenzangu ataazima gari."

"Nyinyi ndio mmepanga. Mimi nakwenda leo."

Mama ndiye aliyemtuliza, na makubaliano yakawa kesho asubuhi. Mwenzangu aliomba ruhusa kazini, akaazima gari la rafiki yake, na kabla jua halijapata ukali tulikuwa tumekwisha pita Gede. Bibi alikaa mbele amejipaka wanja. Njia nzima hakusema ila mara moja, alipouliza kama dada yake anakunywa chai ya maziwa au ya rangi, kana kwamba hilo ndilo lililobaki kujua.

Nyumba ilikuwa karibu na mikoko, ua umefagiwa, na watu walikuwa wengi kuliko tulivyotarajia, kwa kuwa habari ilikuwa imetutangulia. Kuku walikuwa wamefungwa miguu tayari, na mama mwenye nyumba, bintiye yule dada, akatuambia kabla hata hatujakaa kwamba wamemwita jirani Mwislamu aje awachinje yeye, ili mgeni ale bila wasiwasi. Bibi akamshika mkono akamshukuru.

Dada alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni, mwembamba, leso mbili, macho yana ukungu. Bibi alisimama mbele yake. Hakuna aliyejua nani aanze. Kufanana wamefanana paji la uso, lakini wazee wengi hufanana.

"Kaa," dada akasema. "Nielezee unachokumbuka. Usiambiwe na hawa watoto."

Bibi akakaa kwenye mkeka. Akafikiri. "Nakumbuka siku niliyoondoka. Asubuhi. Watu walikuwa wanaitaita, wanamtafuta mtu, wanazunguka nyumba. Mama alikuwa amekasirika. Halafu akanishika mimi mkono, akanipangusa uso kwa leso, akanitoa nje. Nilikuwa sijaoga hata. Sijui walikuwa wanamtafuta nani."

Yule dada akaanza kulia. Bintiye akasogea, yeye akamzuia kwa mkono.

"Walikuwa wananitafuta mimi," akasema. "Ni mimi niliyekuwa niende. Yule mama wa mjini alinitaka mimi, mkubwa, nimsaidie kazi. Mimi sikutaka. Nikapanda uchagani, pale juu ya meko mahindi yanapowekwa, nikalala chali nikaziba mdomo. Niliwasikia wote. Nikamsikia mama akisema, basi mpe huyu mdogo, ni mpaka mvua tu. Nilisikia unatoka. Sikushuka."

Akajifuta macho kwa pindo la leso.

"Siku zote," akaendelea, "nimekula nikijua nakula chako."

Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mama, na nilimwona bibi akimtazama dada yake, akimtazama, kisha mdomo ukaanza kumcheza. Akacheka! Bibi yangu alicheka kile kicheko chake cha harusini, cha kupiga paja.

"Uchagani kulikuwa na mahindi?" akauliza.

"Hayakuwepo. Ilikuwa njaa. Panya tu."

"Basi umelala na panya, mimi nikaenda kula wali wa nazi! Na wewe ndiye unayelia?"

Dada akaduwaa. Halafu na yeye akacheka, huku bado analia, akajiteremsha kutoka kwenye kiti mpaka mkekani, na wakashikana. Watu wakapiga vigelegele. Mwenzangu alijifanya ameingiwa na moshi wa kuni machoni, na meko yalikuwa nyuma ya nyumba.

Tulirudi jioni bila bibi. Alikataa kuingia garini.

Kesho yake nilifika chuoni kabla ya mlinzi kufungua lango la nyuma. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: mtu mmoja alikuwa ana namba mbili. Nikawahamisha watoto wa 212 kwenda kwa 37, nikaufuta mstari wa 212. Kisha nikaandika lile swali la kupanda, nikaanzia, kwa mara ya kwanza, kwangu mimi. Zamani upande huo ungekomea kwa bibi, hatua mbili. Ukapita. Ukapita kwa mama wa bibi, yule ambaye jina lake nimelisikia likiitwa jikoni kwetu maisha yangu yote, ukaenda juu zaidi mpaka kwa yuleyule mzee wa hatua ya tisa ambaye ukoo wa mwenzangu unaanzia kwake. Nilisimama nikazunguka kiti.

Ndipo nikauliza la mwisho: mimi na namba 1 tunaitanaje? Jibu likasema yeye ni mwana wa kaka wa bibi yangu. Kwa hiyo ni binamu ya mama yangu, na kwangu mimi ni mjomba. Huyu ambaye nimemzidi miezi minne! Aliingia na vikombe viwili vya chai, nikapiga goti.

"Shikamoo mjomba."

Alitazama kioo, akanitazama, akatunisha kifua. "Marahaba," akasema. "Na kuanzia leo chai utakuwa ukileta wewe."

Bibi aliporudi Malindi nilimfungulia kompyuta nimwonyeshe alipo sasa, na baba na mama yake juu. Nilingoja afurahi. Alitafuta kwa macho, akatafuta, akakunja uso.

"Na mama yangu wa mjini umemweka wapi?"

Nikamweleza kuwa jedwali ni la uzazi.

"Mimi nimelala mgongoni kwa nani nilipougua surua? Nani aliniozesha? Wewe umempata mmoja ukamfukuza mwingine. Hiyo kazi haijaisha."

Hakuwa anatania. Asubuhi nikaona kwamba jibu lake lilikuwa rahisi kuliko aibu yangu. Nikaongeza safu moja katika lile jedwali, nikaiita njia. Mbele ya kila mzazi sasa pameandikwa ama kuzaa ama kulea. Nikamwingiza yule mama wa mjini, nikampa namba 212 iliyokuwa imebaki wazi. Mzee wa daftari nilipomweleza kwa simu alisema watu wa kuandikwa kulea wako wengi tu kwenye ukoo wao, yeye hakuwa na mahali pa kuwaweka kwenye safu za lita za maziwa, na akaanza kunitajia palepale. Nilijaza kurasa mbili.

Mchoro ulitundikwa Desemba, umechorwa kwenye mashuka matatu yaliyoshonwa pamoja, kuzaa kwa rangi nyeusi na kulea kwa kijani. Watu walipanga foleni kujitafuta. Wazee wawili walibishana nani mkubwa mpaka daftari likaletwa.

Dada yake bibi yuko kwetu sasa. Alikuja kukaa siku mbili, na huu ni mwezi wa tatu. Wanalala chumba kimoja, mmoja anasali kwa msala, mwingine kwa rozari, na asubuhi wanabishana jinsi ya kupika mchicha. Bibi anataka tui zito, dada anasema tui linaua ladha ya mboga. Jana wameamua kila mtu apike sufuria yake, na sisi wengine tumeamriwa kula zote mbili.